Matuta Mafupi ya Mgongo wa Baba

Inameni kwanza. Ndiyo, ninyi mnaonijia na sindano mpya na uzi wa dukani mkiuliza nitawafundisha lini kufuma. Inameni kama mtu anayeokota shanga sakafuni, halafu pelekeni mkono nyuma mguse kiuno. Mmekuta nini? Ngozi tupu. Sweta zenu zimepanda mpaka mbavuni, na baridi ya ziwa imeingia bila kupiga hodi. Aliyezifuma alimfikiria mtu aliyesimama wima kama askari mbele ya bendera. Mimi nimefuma hapa Gisenyi tangu nikiwa msichana hadi macho yaliponikatalia, na sijamwona bado mtu wa kusimama hivyo kutwa nzima. Watu wanalima, wanafua, wanavuta nyavu, wanabeba watoto. Wanainama. Kazi yangu yote niliisimamisha juu ya jambo hilo moja, na nililijifunza wakati nilipokuwa karibu kunyang'anywa sindano.

Baba yangu aliitwa Ramadhani, na mji mzima ulimwita Fundi. Nazungumzia miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Alikaa na cherehani yake ya kukanyaga kwenye baraza la duka, akishona kanzu za Waislamu wenzake na suruali za makarani. Alianza kazi hiyo akiwa kijana, na miaka ya kuinamia kitambaa ilimpinda mgongo. Hakuwa na kibyongo cha kuzaliwa nacho. Ulikuwa mgongo wa kazi, umetokeza nyuma na kukataa kurudi. Asubuhi upepo wa Ziwa Kivu ulipita chini ya baraza ukimpiga kiunoni, na kila koti au sweta aliyoivaa ilipanda na kumwacha wazi. Kwa hiyo alijifunga kitenge cha Mama tumboni, chini ya koti. Mteja akitokea, alikifungua haraka na kukisukuma chini ya kiti. Nilikuwa nikimwona anavyofanya hivyo, na iliniuma.

Nililijua vizuri suala la baridi kwa sababu nilikuwa nimeanza kufuma. Masista wa Kikatoliki walikuwa na chumba cha kazi za mikono, na msichana yeyote mwenye mikono safi aliruhusiwa kuingia mchana. Aliyetufundisha alikuwa sista wa Kizungu tuliyemwita Masera tu, yaani "sista wangu" kwa Kifaransa. Alikuwa mama mnene, mwenye vidole vifupi vilivyokimbia kuliko macho yetu, na Kiswahili chake alikicheka mwenyewe kabla sisi hatujacheka. Sindano zetu za kwanza zilikuwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe. Uzi tuliupata kwa kufumua sweta kuukuu, tukaushikilia juu ya mvuke wa birika ili unyooke. Mkiwa na uzi uliojikunja, msiufume hivyo hivyo kwa uvivu. Atakayevaa ndiye atakayeiona kazi yenu imekunja uso.

Mfumo wa kwanza tuliofundishwa ulikuwa na jina la Kifaransa ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa "pwe musi". Ni rahisi: unafuma kwa namna moja unapokwenda, na kwa namna hiyo hiyo unaporudi. Kitambaa kinapata matuta yaliyolala pande zote mbili, hakina mbele wala nyuma, na hakijikunji pembeni. Vijana wengi wanaudharau kwa sababu ndio wa kwanza kufundishwa. Wanakimbilia maua na misuko waliyoiona kwenye simu. Haya, kimbieni, mtarudi.

Sasa nisikilizeni habari ya mpira, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Kwetu, mpira ni ule wa kucheza, na sweta pia ni mpira. Tunaelewana siku zote, isipokuwa siku tusipoelewana. Alikuja mpishi wa nyumba moja ya Wazungu kule ufukweni, akasimama mlangoni kwa Masera na kofia mkononi.

"Madamu anataka mupira ya mutoto," akasema. "Ya rangi mbili. Ikuwe laini."

Masera alinipa mimi kazi hiyo. Nilifurahi mno. Nilifuma kifua kidogo, mikono miwili midogo, nyekundu na nyeupe, nikakaza shingo kwa kamba yenye vishungi. Mpishi aliporudi, aliukunjua mpira wangu, akautazama mbele, akautazama nyuma.

"Yewe! Huu mutoto ataupiga teke namna gani?"

"Apige teke nini?" nikauliza. "Si ni wa kuvaa?"

"Wa kuvaa! Mutoto iko na mipira ya kuvaa sanduku nzima. Madamu anataka ya kucheza!"

Verediyana, rafiki yangu kutoka Bugeshi aliyekaa karibu nami, aliangusha sindano kwa kucheka. Masera naye alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Kisha Masera akaniita pembeni, akachukua sindano zangu.

"Bon, haya," akasema. "Sasa utajifunza kurudi njiani."

Ndivyo alivyouita mtindo huo, kurudi njiani, na mimi nimeuita hivyo maisha yangu yote. Unaanza mstari, lakini hufiki mwisho. Unaacha vitanzi viwili vimekaa kwenye sindano bila kufumwa, unageuza kazi, unarudi. Upande wa pili unaacha viwili vilevile. Unaendelea kufupisha mpaka ubaki katikati, kisha unafuma mstari mzima na kuanza upya. Kila ukifanya hivyo unapata kipande kipana katikati na chembamba kwenye ncha, kama kipande cha chungwa. Vipande vikizunguka, unaunganisha cha mwisho na cha kwanza, unajaza matambara, na huo hapo mpira wa kupigwa teke.

Mpira wangu wa kwanza ulikuwa na matundu, matambara yakachungulia nje. Nilikuwa nikigeuza kavukavu. Masera alinionyesha: kabla hujageuza, pitisha uzi uzunguke kitanzi kinachofuata, umfunge jirani huyo mkanda kiunoni, ndipo urudi. Kwenye mifumo mingine mkanda huo unaonekana, na lazima baadaye uutafute na kuufuma pamoja na kitanzi chake. Kwenye pwe musi unazama wenyewe ndani ya tuta, huuoni tena. Ndiyo maana nawaambia msiudharau mfumo wa kwanza.

Basi, siku zikapita, mikono yangu ikapata wepesi. Jioni moja Baba aliniita. Alikuwa amekaa mkekani, kitenge cha Mama bado kiko kiunoni. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Zena, musikitini banasema."

"Banasema nini, Baba?"

"Banasema mutoto wa Ramadhani anakwenda kwa Masera kila siku. Siku moja atarudi na musalaba kwa shingo."

"Mi naenda kwa sindano, Baba. Hakuna mutu aliniambia habari ya musalaba."

"Najua. Lakini nitabajibu nini? Kwamba mutoto wangu anaenda kucheza na uzi?"

"Si kucheza. Ni kazi."

Mama aliacha kupepeta maharage.

"Kazi," akasema Baba. "Bon. Mi niko fundi, najua kazi. Fundi anavalisha mwili vile iko, hapana vile angependa ikuwe. Donc, basi, unifanyie mupira yenye itabakia kwa mugongo yangu nikiwa kwa mashini. Ikibakia, ni kazi, na mi mwenyewe nitabishana na musikiti muzima. Ikipanda, ni muchezo, na utakaa hapa na mama yako."

"Mpaka lini?"

"Mbele ya Idi kufika."

Nilikwenda kulala nikiwa na hofu na furaha pamoja, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Kufuma sweta ya mtu mzima nilikuwa najua. Niliona ameniwekea kizingiti cha chini kabisa, ningekivuka bila hata kuinua mguu.

Asubuhi nilichukua utepe wake wa kupimia. "Simama, Baba, nikupime." Alisimama. Na hapa ndipo mambo yalipokwenda mrama, ingawa sikuona. Baba alikuwa amewapima watu wa mji mzima, lakini yeye mwenyewe hakupimwa na mtu tangu harusi yake. Alipouona utepe mikononi mwa binti yake, alivuta pumzi, akainua kidevu, akajinyoosha kwa nguvu zake zote. Uso wake ukawa na heshima kama ya bwana harusi. Nikapima, nikaandika kichwani, nikafuma.

Mpira ule ulipokwisha ulimkaa vizuri ajabu akiwa amesimama. Mama alipiga kigelegele. Baba akaenda barazani, akakaa, akainamia suruali ya karani fulani. Kabla hajamaliza mshono wa kwanza, mpira ulikuwa umeanza kupanda. Akaushusha. Ukapanda. Akaushusha tena huku mguu ukiendelea kukanyaga. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na kila mkono wake ulipokwenda nyuma nilihisi kama unanivuta masikio. Kufika adhuhuri, alimwita Mama kwa sauti ya chini amletee kitenge.

Jioni alinirudishia mpira ukiwa umekunjwa vizuri.

"We ulipima nani?"

"Nilikupima wewe, Baba."

"Hapana. Mi niko hapa." Akajipiga kofi mahali mgongo ulipotokeza. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, "Idi bado haijafika."

Nililia usiku ule, siwafichi. Nililia kwa sababu alikuwa na haki. Kesho yake nilipiga moyo konde nikaufumua mpira mzima, kuanzia shingo mpaka pindo, nikaupitisha uzi kwenye mvuke. Vijana, kufumua si msiba. Atakayekataa kufumua ndiye atakayevaa makosa yake mbele za watu. Nilikuwa nimekula kiapo moyoni kwamba sitakaa nyumbani kupepeta maharage wakati vidole vyangu vinajua kazi.

Shida ilikuwa hii: nikiurefusha mpira wote, mbele utamning'inia mapajani na kuingia kwenye gurudumu la cherehani. Nikiuacha, nyuma utapanda. Fundi wa kitambaa angekata, angeongeza kipande, angeshona. Uzi uliofumwa ukiukata unakukimbia. Nilikaa na tatizo hilo likanishinda. Nilimuuliza Masera, naye akanyoosha midomo akafikiri. "Mi nafundisha soksi na kofia na mipira ya kawaida, mutoto yangu," akasema. "Mugongo ya baba yako, sijaiona. Iangalie vizuri."

Siku ya soko Verediyana aliteremka kutoka Bugeshi na viazi. Nilimweleza, nikamchorea mgongo wa Baba kwa kidole kwenye vumbi. Yeye alikuwa binti wa wakulima, kila kitu alikiona shambani.

"Ariko, lakini Zena, hiyo ni kilima," akasema. "Kilima iko na tumbo."

"Kilima gani? Nakuambia mugongo!"

"Sikia basi. Kwetu kilima ikitoa tumbo, matuta marefu haitoshi. Ukilima marefu tu, pembeni yanabanana, katikati kunabakia nafasi bure. Donc unaingiza matuta mafupi pale kwa tumbo. Yanaanzia njiani, yanaishia njiani. Mutu akipita hata hayaoni."

Niliyarudia maneno yake kimoyomoyo. Yanaanzia njiani, yanaishia njiani. Nilikuwa nimekwisha kuifanya kazi hiyo kwa mikono yangu mwenyewe, vipande vingapi sijui, kwa ajili ya mtoto wa Madamu kupiga teke. Mgongo wa Baba ulikuwa upande mmoja wa mpira, na mpira wa kuvaa ulihitaji kipande cha mpira wa kucheza ndani yake. Nilimkumbatia Verediyana hadi viazi vikamwagika.

Kilichobaki kilikuwa kumpima, na kumpima Baba kwa utepe ilikuwa kazi bure, angejinyoosha tena. Kwa hiyo nilimvizia. Nilisubiri mpaka ameinama kabisa, mdomo umejaa pini, nikaja nyuma yake na kujifanya naokota nyuzi zilizomng'ang'ania mgongoni. Mkononi nilikuwa na uzi wangu. Niliulaza kuanzia shingoni, ukapanda juu ya mgongo, ukashuka mpaka kiunoni, nikafunga fundo. Halafu nikapima ubavuni, kuanzia kwapani kushuka, na kule nyuma kuanzia usawa wa kwapa hilo hilo. "Mmh?" akasema kupitia pini. "Nyuzi, Baba," nikajibu. Nyumbani nililinganisha urefu. Urefu wa nyuma ulizidi wa ubavuni kwa kiganja changu kizima. Kiganja hicho ndicho mpira wa kwanza ulichokuwa umemnyima.

Kumbukeni hapo, maana ndiyo siri yote, nayo si siri. Pimeni mtu akiwa kazini. Pimeni katikati ya mgongo, pimeni ubavu, na tofauti yake ndiyo mtakayoijaza kwa matuta mafupi. Aliyebeba mtoto anahitaji kidogo, mvuvi zaidi kidogo, fundi cherehani zaidi ya wote.

Hata hivyo nilikosea tena. Nilikuwa na haraka, nikayaweka matuta mafupi yote mahali pamoja. Kikatokea kifuko nyuma kama kiwele cha ng'ombe. Verediyana alikitazama akaniambia, kwa uso usiocheka, kwamba hapo baba yangu ataweza kubebea viazi. Nikafumua mpaka hapo. Safari ya pili niliyatawanya: matuta mafupi mawili, kisha mistari mizima kadhaa, kisha mafupi mengine marefu kidogo kuliko yale, hivyo hivyo mpaka mgongo ulipoisha. Kila nilipogeuza, nilimfunga jirani mkanda. Kila kitanzi nilikiomba kikae. Vidole vilipasuka kwa baridi na sufu ikaingia kwenye nyufa, nikapaka mafuta, nikaendelea. Mama aliniambia nipumzike. Nilimwambia nitapumzika siku ya Idi, nikiwa na sindano zangu au bila.

Nilimaliza mfungo ukiwa unaelekea ukingoni. Baba aliuvaa bila neno, akaenda kukaa. Mimi na Mama tukajibanza nyuma ya pazia. Alikanyaga, akainama, akashona upindo mrefu wa kanzu. Mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma kwa mazoea, ukakuta sufu, ukarudi mbele. Akainama zaidi kuokota bobini ya uzi iliyoanguka, na hata pale mpira haukupanda. Mama alinifinya mkono kwa nguvu. Kitenge chake kilikuwa kiunoni mwake mwenyewe, na jua lilikuwa limekwisha kufika juu ya paa.

Alasiri alikuja mzee mmoja wa msikitini kuchukua kanzu yake ya Idi. Alikuwa miongoni mwa wale waliosema, na kila mtu alijua. Akauangalia mgongo wa Baba.

"Fundi, mupira muzuri huo. Ulinunua Goma?"

"Hapana," Baba akajibu, bila kuacha kukanyaga. "Ni kazi ya nyumba yangu."

Nililisikia neno lile kazi, nikaweka mkono mdomoni. Lakini Baba hakunitazama, wala hakuniita. Tulifuturu. Niliokota vyombo nikavitoa, nikarudi. Alikuwa ameuvua mpira na kuugeuza ndani nje karibu na taa, akitafuta mshono kwa ncha ya kidole, kama alivyokagua kanzu za mafundi wengine. Alipita juu ya matuta mafupi, akarudi, akapita tena. Kisha akauvaa upya, akanyoosha mikono mbele yake, akazivuta ncha za mikono ya mpira kwa vidole mpaka zikafunika nusu ya viganja.

"Mikono iko mirefu," akasema.

Niliinama kuzitazama.

"Unaona? Mirefu. Mutu hawezi kushona na mikono namna hii. Idi ikipita utarudi kwa Masera, akufundishe mikono vizuri. Na mutu akiuliza, mwambie mi ndiye nimekutuma."

Akaziachia ncha. Sufu ikarudi yenyewe, ikasimama kwenye kifundo cha mkono, sawasawa pale nilipoipima.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Iko mirefu sana."